Mawimbi ya Mvutano wa Uso: Namna ya Kuyaiga kwa Kompyuta na Kuyapima Matokeo

Mtu anayetaka kuiga kwa kompyuta mawimbi madogo ya juu ya maji, yale yanayorudishwa kwenye usawa na mvutano wa uso badala ya uzito wa maji, hukabiliwa na tatizo gumu: programu yake inaweza kufanya kazi hadi mwisho bila kulalamika, ikatoa picha za kupendeza, kumbe mawimbi yanayoonekana humo yametengenezwa na gridi yenyewe, yaani ule mgawanyo wa eneo katika vyumba vidogo, au seli, ambao kompyuta huufanyia hesabu. Jicho peke yake haliwezi kuyatofautisha na mawimbi ya kweli. Kwa sababu hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya mwanafunzi au mhandisi anayeifahamu milinganyo ya Navier-Stokes ya mwendo wa giligili na anayeweza kuandika programu fupi, unafuata utaratibu ambao karibu kila hatua ina jawabu linalojulikana kwa kalamu, ili msomaji asisonge mbele kabla ya kulifikia.

Hesabu za kalamu kwanza

Juu ya maji yenye kina kirefu, wimbi dogo hufuata uhusiano ω² = gk + σk³/ρ, ambapo ω ni frikwensi kwa radiani kwa sekunde, k ni 2π kugawanywa kwa urefu wa wimbi λ, g ni mchapuko wa graviti, σ ni mvutano wa uso, na ρ ni densiti. Kwa maji safi ya nyuzi 20 za Selsiasi, σ ni 0.0728 N/m na ρ ni 998 kg/m³. Sehemu mbili za upande wa kulia hulingana pale urefu wa wimbi unapokuwa takriban milimita 17, na hapo ndipo wimbi huwa na kasi ndogo kuliko yote, yaani sentimita 23 kwa sekunde. William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alilieleza jambo hili mwaka 1871. Mawimbi marefu kuliko hapo hutawaliwa na graviti, na yaliyo mafupi hutawaliwa na mvutano wa uso.

Chukua wimbi la milimita 2. Ukiweka namba katika uhusiano huo utapata kwamba graviti inachangia kidogo zaidi ya asilimia 1 ya ω², kwamba wimbi linapanda na kushuka mara 241 hivi kwa sekunde, na kwamba linasafiri kwa takriban sentimita 48 kwa sekunde. Mnato nao hulifanya lififie: kimo chake hupungua kwa kadiri ya exp(−2νk²t), na kwa maji, ambayo mnato-kinematiki wake ν, yaani mnato uliogawanywa kwa densiti, ni karibu 10⁻⁶ m²/s, kimo hushuka hadi sehemu 0.37 ya kilivyoanza baada ya sekunde 0.05, yaani baada ya mitikisiko 12 tu. Andika namba hizi kwenye daftari kabla ya kuwasha kompyuta, kwa sababu ndizo zitakazokueleza seli zinapaswa kuwa ndogo kiasi gani, hatua ya muda iwe fupi kiasi gani, na uigaji wenyewe udumu kwa muda gani kabla wimbi halijatoweka.

Kuna sifa moja katika uhusiano huo ambayo itatufuata hadi mwisho. Mawimbi ya graviti huenda kasi zaidi yanapokuwa marefu. Haya ya mvutano huenda kasi zaidi yanapokuwa mafupi. Maana yake ni kwamba wimbi fupi kuliko yote ambalo gridi yako inaweza kulibeba, lenye urefu wa seli mbili, ndilo lenye mbio kuliko mengine yote, nalo ndilo ambalo gridi inalijua vibaya zaidi. Karibu kila uamuzi unaofuata ni namna ya kulidhibiti wimbi hilo bila kuliharibu lile unalolichunguza.

Milinganyo na mpaka wa giligili mbili

Njia iliyozoeleka ni kutumia seti moja ya milinganyo kwa maji na hewa kwa pamoja, huku densiti na mnato vikibadilika kutoka giligili moja hadi nyingine:

ρ(∂u/∂t + u·∇u) = −∇p + ∇·(2μD) + ρg + σκ∇f, pamoja na ∇·u = 0.

Hapa u ni mwendokasi, p ni kanieneo ambayo wengi huiita presha, μ ni mnato, D ni kadiri ya kuumbuka kwa giligili, κ ni mpindo wa uso, na f ni sehemu ya kila seli iliyojaa maji, kuanzia 0 hadi 1. Neno la mwisho, σκ∇f, ndilo linalobeba mvutano wa uso: badala ya kani kuwekwa kwenye uso mwembamba usio na unene, inasambazwa ndani ya seli chache ambazo f inabadilika. Wazo hili lilichapishwa na Brackbill, Kothe na Zemach mwaka 1992, na programu nyingi za leo bado zimejengwa juu yake.

Kuhusu namna ya kuufuata mpaka unaosogea, kuna njia ya ujazo wa giligili, ambayo Hirt na Nichols waliieleza mwaka 1981. Kuna njia ya seti za kiwango ya Osher na Sethian ya mwaka 1988, inayotumia kazi laini ya kihesabu (fanksheni) ambayo thamani yake ni sifuri mpakani. Na kuna njia ya kutandaza alama juu ya mpaka wenyewe na kuzisogeza pamoja na mkondo. Kila moja ina watetezi wake. Mimi hushauri njia ya ujazo, na hasa ile inayochora kipande cha mstari ulionyooka ndani ya kila seli ya mpakani na kukisogeza kwa jiometri, kwa sababu inahifadhi kiasi cha maji kwa usahihi wa namba za mashine. Wimbi ambalo kimo chake ni sehemu moja ya mia ya urefu wake halina nafasi ya kupoteza maji. Programu inayovuja hata kidogo itakuonyesha wimbi linalofifia upesi kuliko ilivyo kweli, nawe utadhani ni mnato.

Msomaji asiyetaka kuandika kila kitu mwenyewe anaweza kutumia Basilisk, programu huria iliyoanzishwa na Stéphane Popinet, ambayo ina gridi inayojigawa yenyewe na ndani yake mna njia zote ninazozitetea hapa. OpenFOAM nayo inatumika sana. Ila anayetumia interFoam, sehemu yake ya giligili mbili, ajue kwamba mpindo humo unakadiriwa kutoka kwenye mteremko wa f, jambo ambalo sehemu inayofuata inaeleza kwa nini lichunguzwe.

Mpindo ndio kiini cha kazi

Mpindo κ ni nyambuo ya pili ya umbo la uso, yaani kadiri mteremko wa uso unavyobadilika. Tuseme kimo cha uso katika seli moja kimekosewa kwa kiasi δ. Nyambuo ya pili inagawanywa kwa mraba wa upana wa seli, Δ², kwa hiyo kosa la mpindo ni la kadiri ya δ/Δ². Ikiwa δ inapungua kwa kasi ileile ya Δ tu, kosa la mpindo litakua kila unapoifanya gridi kuwa laini zaidi. Hii ndiyo sababu ya jambo linalowashangaza wanaoanza: wanaongeza seli maradufu, wanasubiri kwa saa nyingi, na matokeo yanakuwa mabaya zaidi. Kosa haliko kwenye kompyuta wala kwenye mlinganyo. Liko kwenye namna mpindo ulivyokokotolewa kutoka kwenye f, ambayo inaruka ghafla kutoka 0 hadi 1 ndani ya seli moja au mbili na haikukusudiwa kunyambuliwa mara mbili.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuilainisha f kwa kuichanganya na majirani zake kabla ya kuinyambua. Siipendekezi kwa kazi hii. Ulainishaji huo hufuta mawimbi mafupi, na mawimbi mafupi ndiyo tunayoyachunguza. Tena husogeza kani mbali na mpaka, kiasi kwamba seli zisizo na uso wowote nazo zinasukumwa.

Njia bora ni ile ya vimo vya safu. Pale ambapo uso uko karibu na ulalo, chukua safu ya wima yenye seli saba, jumlisha f za seli hizo na uzidishe kwa Δ. Jumla hiyo ni kimo h cha maji katika safu ile, na usahihi wake ni mkubwa kwa sababu kujumlisha hakukuzi makosa jinsi kunyambua kunavyofanya. Fanya hivyo pia kwa safu ya kushoto na ya kulia. Kisha kokotoa

h′ = (h₊ − h₋)/(2Δ), h″ = (h₊ − 2h₀ + h₋)/Δ², κ = h″/(1 + h′²)^(3/2),

ukizingatia alama ya kujumlisha au ya kutoa kulingana na upande maji yalipo. Uso ukiinama zaidi ya nyuzi 45, geuza safu ziwe za ulalo. Usahihi wa njia hii ni wa daraja la pili: ukiigawa seli katikati, kosa linashuka takriban mara nne, mradi nusu-kipenyo cha mpindo kiwe angalau seli tano hivi. Pale ambapo safu haikamiliki, kwa mfano kwenye tone lenye upana wa seli tatu au nne, pitisha parabola katikati ya vipande vya mpaka vilivyo jirani na usome mpindo wake. Hiyo ni njia ya dharura. Ikiwa seli nyingi za uigaji wako zinaitumia, gridi ni pana mno.

Kabla ya kuunganisha hesabu hii na mwendo wowote, ijaribu peke yake. Weka duara ndani ya gridi, jaza f kwa usahihi, kokotoa κ katika kila seli ya mpakani, na uilinganishe na 1/R, ambapo R ni nusu-kipenyo cha duara. Rudia kwa duara lililosogezwa kidogo kushoto, kisha juu, kwa sababu kosa hutegemea mpaka unakatiza seli mahali gani. Chukua kosa kubwa kuliko yote, usichukue wastani.

Usawa kati ya kanieneo na mvutano

Tone lililotulia halina mwendo wowote. Ndani yake kanieneo ni kubwa kuliko nje, na tofauti hiyo ni σ/R katika vipimo viwili na 2σ/R katika vipimo vitatu. Kwa tone la maji lenye nusu-kipenyo cha milimita 1 tofauti ni karibu paskali 146. Kwenye kompyuta tone hilohilo mara nyingi huzungukwa na mikondo bandia, vimbunga vidogo vinavyoendelea bila kukoma pande zote za mpaka. Chanzo chake ni viwili. Cha kwanza ni mpindo uliokosewa, ambao tumeshaushughulikia. Cha pili ni kwamba mteremko wa kanieneo unakokotolewa mahali pamoja katika gridi na kani ya mvutano mahali pengine, au kwa kanuni tofauti, hivyo hata mpindo ukiwa sahihi kabisa mambo hayo mawili hayawezi kufutana.

Sharti ni rahisi kulieleza: ∇p na σκ∇f zikokotolewe kwenye nyuso zilezile za seli, kwa fomula ileile ya tofauti, na κ ya uso iwe wastani wa κ za seli mbili zinazoungana hapo. Francois na wenzake waliliweka wazi jambo hili mwaka 2006. Ukilitimiza, kisha ukaipa programu mpindo wa 1/R kwa mkono badala ya kuiacha iukokotoe, kasi yote ndani ya kisanduku inapaswa kushuka hadi kiwango cha makosa ya mashine. Hilo ndilo jaribio la kwanza la programu nzima, na lisipofaulu usiendelee.

Baada ya hapo iache programu ikokotoe mpindo yenyewe na uipe muda. Umbo la tone kwenye gridi si duara kamili, kwa hiyo mwanzoni litatikisika kidogo hadi lipate umbo ambalo gridi inalitambua kuwa limetulia, na mitikisiko hiyo huisha kwa muda wa kadiri ya D²/ν, ambapo D ni kipenyo. Kwa tone la milimita 2 la maji hiyo ni sekunde 4, muda mrefu sana kwa uigaji wa aina hii, na wengi hukata tamaa kabla ya kufika. Afadhali kulijaribu kwa giligili yenye mnato mkubwa zaidi, ambapo muda huo ni mfupi.

Ukubwa wa hatari hii unaonekana kwenye namba moja. Mikondo bandia hupimwa kwa kuilinganisha na kasi σ/μ, na kwa maji kasi hiyo ni karibu mita 73 kwa sekunde. Njia isiyo na usawa inayotoa mikondo ya sehemu moja tu ya elfu ya hapo inakuletea sentimita 7 kwa sekunde za mwendo usiokuwepo, yaani theluthi moja ya kasi ya wimbi la polepole kuliko yote juu ya maji. Hapo huwezi kuzungumzia mawimbi.

Hatua ya muda

Mvutano wa uso unapohesabiwa kwa thamani za hatua iliyopita, hatua ya muda lazima iwe fupi kuliko

Δt = √[(ρ₁ + ρ₂)Δ³/(4πσ)].

Hapa ρ₁ na ρ₂ ni densiti za giligili mbili. Fomula hii haikuanguka kutoka mbinguni. Chukua lile wimbi la seli mbili, ambalo k yake ni π/Δ. Kasi yake ni √[σk/(ρ₁ + ρ₂)]. Kisha dai kwamba ndani ya hatua moja lisivuke zaidi ya nusu ya seli. Ukipanga upya utaipata fomula yenyewe. Kwa maji na hewa, seli za milimita 0.1 zinaruhusu mikrosekunde 33 hivi, na seli za mikromita 10 zinaruhusu takriban mikrosekunde 1. Ukigawa seli katikati, hatua inapungua mara 2.8, pamoja na seli zilizoongezeka, kazi ya kompyuta inakuwa kubwa mara 11 katika vipimo viwili na karibu mara 23 katika vipimo vitatu. Panga bajeti ya muda wako kwa namba hizi, usipange kwa matumaini.

Wako wanaotafuta kulikwepa sharti hili kwa kuuhesabu mvutano kwa thamani za hatua inayokuja. Kwa mtu anayechunguza mtiririko mkubwa ambamo mawimbi madogo si hoja, hilo lina faida. Kwa anayechunguza mawimbi yenyewe halina maana sana, kwa kuwa hatua ndefu huyafuta mawimbi ya mbio badala ya kuyafuata. Angalia pia kwamba mpaka usivuke zaidi ya nusu ya seli kwa hatua moja kutokana na mkondo wenyewe. Kati ya masharti hayo mawili fuata lililo kali zaidi.

Jaribio la wimbi linalofifia

Sasa tunafika kwenye mtihani wenyewe. Mwaka 1981 Andrea Prosperetti alitoa jawabu kamili la wimbi dogo lililosimama kati ya giligili mbili zenye mnato-kinematiki sawa, likianza bila mwendo. Hali iliyo rahisi zaidi, na ambayo watunzi wengi wa programu huitumia, ni ile ya giligili mbili zenye densiti sawa na mnato sawa, bila graviti. Katika vipimo visivyo na uniti, weka λ = 1, σ = 1, ρ = 1 kwa kila upande, na μ = 0.01826, ili namba ya Laplace, yaani ρσλ/μ², iwe 3000. Kimo cha mwanzo a₀ kiwe 0.01. Upana wa kisanduku uwe λ moja, pande za kushoto na kulia zikirudiana au zikiwa na ulinganifu, na juu na chini ya mpaka kuwe na angalau λ moja hadi ukutani, ambapo athari ya kuta ni ndogo mno kiasi cha kutoonekana.

Jawabu hupatikana hivi. Weka s = √(νk²), ambayo hapa ni 0.849, na ω₀² = σk³/(ρ₁ + ρ₂), ambayo inatoa ω₀ = 11.137. Tafuta mizizi minne z₁ hadi z₄ ya mlinganyo

z⁴ − sz³ − s²z² + s³z + ω₀² = 0.

Mizizi hiyo ni namba changamano. Kwa kila mzizi, Zᵢ ni zao la tofauti za mizizi mingine mitatu na mzizi huo; kwa mfano Z₁ = (z₂ − z₁)(z₃ − z₁)(z₄ − z₁). Basi

a(t)/a₀ = ω₀² exp(−s²t) Σ [zᵢ / (Zᵢ(zᵢ² − s²))] w(i zᵢ√t),

ambapo w ni kazi ya Faddeeva, na i iliyo ndani ya mabano yake ni kipeuo cha pili cha −1, si namba ya mzizi. Vitabu huiandika fomula hii kwa zao la exp(z²t) na erfc(z√t). Kwenye kompyuta mambo hayo mawili yakikokotolewa mbalimbali moja huweza kuwa kubwa mno na jingine dogo mno; kazi ya Faddeeva, ambayo katika SciPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, inaitwa wofz, huyakokotoa kwa pamoja na kuondoa hatari hiyo. Hakikisha kwamba kwa t = 0 jumla inatoa 1 kamili na kwamba sehemu ya kubuni ya jibu ni sifuri. Isipokuwa hivyo, umekosea alama mahali fulani.

Usitumie hapa kanuni ya exp(−2νk²t) tuliyoiona mwanzoni. Kanuni hiyo ni ya uso ulio huru, ambao juu yake hakuna kitu kizito. Giligili mbili zenye densiti sawa zinapotikisika, kila moja hutaka kuteleza kinyume cha mwenzake mpakani, na tabaka jembamba la msuguano linaloundwa hapo hula nguvu ya wimbi kwa kasi kubwa zaidi. Mtu asiyelijua hili atailaumu programu yake bure.

Uandaaji wa hali ya mwanzo unahitaji uangalifu kuliko unavyodhaniwa. Kwenye gridi ya seli 64 kwa urefu wa wimbi, kimo cha 0.01 ni sehemu 0.64 tu ya seli moja. Wimbi zima linaishi ndani ya seli chache. Ukijaza f kwa kuuliza tu kama katikati ya seli iko chini au juu ya mpaka, utakuwa umechora ngazi, na ngazi ina mawimbi mafupi ya kila aina. Jaza f kwa kuunganisha kosini kihesabu ndani ya kila safu. Weka pia ukomo mkali wa kosa linaloruhusiwa kwenye utatuzi wa mlinganyo wa kanieneo: mawimbi haya yanaendeshwa na tofauti za kadiri ya σk²a₀, hivyo ukomo unaotosha kwa mtiririko wa kawaida unaweza kuwa mkubwa kuliko ishara unayoitafuta.

Kimo kipime kwa kujumlisha f katika kila safu, kisha utoe sehemu ya kosini yenye urefu wa λ kwa uchambuzi wa Fourier. Usipime sehemu ya juu kabisa ya uso peke yake, kwa kuwa kipimo hicho huchanganya wimbi lako na kelele. Endesha uigaji hadi t = 25/ω₀, linganisha na jawabu katika kila hatua, kisha kokotoa kipeuo cha pili cha wastani wa mraba wa tofauti, ukigawanya kwa a₀. Fanya hivyo kwa seli 16, 32, 64 na 128. Kosa likishuka takriban mara nne kila mara, programu iko sawa. Likishuka kisha likakwama, tazama kwanza ukomo wa kanieneo, halafu hatua ya muda, halafu umbali wa kuta. Likipanda, rudi kwenye mpindo. Na ikiwa kimo ni sahihi ila wimbi linawahi au linachelewa, kwa kawaida tatizo ni ω₀: kuna anayesahau kwamba densiti za giligili zote mbili zinaingia kwenye jumla.

Tabaka la maji linaloteremka ukutani

Programu iliyofaulu hapo inaweza kupelekwa kwenye mtiririko halisi, na mfano ninaoupenda ni tabaka jembamba la maji linaloteremka juu ya ukuta wa wima, kama katika mitambo ya kupoza na ya kukausha kwa mvuke. Pyotr Kapitza na mwanawe Sergei walichapisha majaribio yao juu ya mawimbi haya mwaka 1949. Bila mawimbi, unene wa tabaka ni ule uliokokotolewa na Wilhelm Nusselt mwaka 1916, h = (3ν²Re/g)^(1/3), ambapo Re ni kiasi cha maji kinachopita kwa kila mita ya upana kikigawanywa kwa ν. Kwa Re = 20 unene ni milimita 0.18, wastani wa kasi ni karibu sentimita 11 kwa sekunde, na uso wenyewe unakwenda kwa sentimita 16.

Namba hizo zinaonyesha gharama mara moja. Seli 20 ndani ya unene zina upana wa mikromita 9. Hatua ya muda inakuwa chini ya mikrosekunde 1. Ukuta wa sentimita 20 unahitaji seli elfu 22 kwa urefu wake, na wimbi linachukua zaidi ya nusu sekunde kuupita wote. Hapa gridi inayojigawa si anasa tena: weka seli ndogo ndani ya maji na kando ya mpaka, na uache hewa iliyo mbali iwe na seli pana. Densiti ya maji ni zaidi ya mara 800 ya hewa, kwa hiyo hakikisha pia kwamba mwendo na uzito vinasafirishwa kwa mtiririko uleule wa f. Vinginevyo seli za mpakani zitaipa hewa kasi iliyokuwa ya maji, na uso utachanika bila sababu.

Mlangoni ingiza kasi yenye umbo la parabola na uizidishe kwa 1 + ε sin(2πFt), ambapo F ni frikwensi, tuseme 20 kwa sekunde, na ε ni asilimia chache. Mwishoni mwa ukuta weka eneo ambalo mnato unaongezwa pole pole, ili mawimbi yafie hapo yasirudi nyuma. Wapo wanaopunguza gharama kwa kuiga wimbi moja tu ndani ya kisanduku kinachojirudia. Ni njia halali, lakini inabadilisha swali: ndani ya kisanduku hicho wastani wa unene ndio usiobadilika, ilhali kwenye ukuta wenye mlango kisichobadilika ni wastani wa maji yanayopita, na mawimbi mawili yanayopatikana hayana kimo wala kasi sawa. Ukilinganisha na majaribio ya maabara, tumia mlango, na uulize maji yalikuwa safi kiasi gani, maana utando hafifu wa mafuta au sabuni huongeza sana kufifia kwa mawimbi mafupi.

Endesha kwanza bila ε na uthibitishe unene wa Nusselt. Kisha tumia ε ndogo sana na frikwensi zinazoshuka moja baada ya nyingine. Kasi ya mawimbi inapaswa kukaribia mara 3 ya wastani wa kasi ya maji, ambacho ndicho kikomo cha mawimbi marefu. Baada ya hapo ongeza ε. Wimbi litakua na kuwa nundu moja kubwa, na mbele yake vitatokea viwimbi vifupi vya mvutano wa uso vinavyoitangulia nundu bila kuachana nayo, kwa kuwa vilivyo vifupi ndivyo vyenye mbio za kutosha kukaa mbele. Hesabu viwimbi hivyo, na hesabu seli zilizomo ndani ya kile kifupi kuliko vyote. Zikiwa chini ya 16, gawa gridi tena; na ikiwa baada ya kuigawa idadi ya viwimbi imebadilika, matokeo ya gridi ya awali hayafai kuchapishwa.